Sabuni ya Siwema

Mwenye kalamu ana dhambi zake, na Mungu huzisoma kabla wino haujakauka. Leodgar alilijua hilo. Kila mwezi alipiga magoti mbele ya padre. Ila dhambi moja alikuwa hajaiungama.

Ijumaa moja ya mwaka 1974, jua likielekea ziwani, alitoka ofisini Kigoma kwa baiskeli. Dar es Salaam walitaka historia ya maonyesho ya viwanda tangu Uhuru: kila mkoa ueleze ulipeleka nini Saba Saba, na bidhaa zake ulizichagulia kwenye viwanja gani. Jumatatu karatasi ziondoke na treni. Kiwanja cha Ujiji alishakiandika, na cha karibu na stesheni pia. Kilibaki cha Buzebazeba, kilichotumika mwaka mmoja tu, 1967, kikaachwa.

Pembeni mwa uwanja, mama mmoja aitwaye Margareta alikuwa anaanua dagaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani. Leo umeikumbuka njia? Miaka saba unatukwepa kama tuna ukoma!"

"Nataka kujua tu, kwa nini maonyesho yalihamishwa kutoka hapa?"

Margareta akaguna. "Kaulize bandani. Mie jua likizama sikai. Mawese yanachemka humo, baba, na moto hakuna."

Akajitwika ungo wake, akaenda zake.

Banda la maonyesho lilikuwa limeliwa na mchwa, bati limebaki nusu. Leodgar akainama, akaingia.

Harufu ikamfikia. Mawese... ya moto.

Jiko hakuna. Moshi hakuna. Juu ya meza ya kuonyeshea bidhaa palikuwa na beseni la maji na donge la sabuni. Jipya. Bado lina alama za vidole.

"Nawa kwanza," mtu akanong'ona nyuma ya shingo yake. "Ndipo uandike."

Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Bi Siwema wa Ujiji, mpika sabuni ya mawese, aliyezikwa mwaka ule ule wa 1967.

Mwaka ule sabuni yake ndiyo iliyochaguliwa kwenda Saba Saba, na Leodgar ndiye aliyeandika kadi ya kutaja mtengenezaji wake. Akajiuliza: mjane asiyejua kusoma, atauwakilishaje mkoa? Akaandika jina la ushirika ambao haukuwahi kukoroga hata sufuria moja. Siwema aliposomewa kadi, alimshika mkono. "Sikujaliwa mtoto, mwanangu. Sabuni hii ndiyo itakayobaki ikinitaja."

Sasa Leodgar hakuthubutu kugeuka. Akanawa. Maji yalikuwa ya baridi kama ya chini ya ziwa. Alipogeuka, aliona majani tu yakitikisika... na upepo haukuwapo.

Jumapili alasiri, alipotoka kanisani, akaketi chumbani kwake kuandika. *Mwaka 1967, Buzebazeba, sabuni ya ushirika...*

Wino ukajikusanya vitone vitone. Ukateleza, ukadondoka mezani. Karatasi ikabaki nyeupe.

Akabadilisha kalamu. Yale yale. Akajaribu penseli, ikapita kama kijiti juu ya kioo.

Akafanya ishara ya msalaba, akaandika: *Sabuni ya Siwema binti Mwinshehe, wa Ujiji.*

Wino ukashika. Mweusi tititi.

*Kadi ilibadilishwa kwa amri ya mkubwa wa kazi.* Wino ukateleza. Akaitazama mikono yake. Karatasi hii ikisomwa, kazi hana, na heshima hana. Ee Mungu wangu.

*Niliibadilisha mimi. Hakuna aliyenituma.*

Ukashika. Leodgar akalia, lakini kifua kikawa chepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Nje jua lilikuwa linazama. Akawasha taa, akamalizia: *Haya ndiyo yote ninayoyajua.*

Wino ukateleza.

Akaurudia mstari. Ukateleza tena. Na harufu ikaanza kupenya chini ya mlango, taratibu. Mawese ya moto.

Hapo akajua ni lipi lililobaki. Mwaka ule wa 1967, jioni ya kuamkia safari ya treni ya kupeleka bidhaa Saba Saba, Siwema alitoka Ujiji kwa miguu, kwenye mvua isiyo ya msimu, aje kuomba kadi irekebishwe. Alipiga hodi mlango huu huu. Akapiga ya pili. Leodgar akazima taa, akabana pumzi, akingoja ya tatu. Ya tatu haikuja. Asubuhi wavuvi wa Katonga walimkuta amekufa ufukweni, amelowa, donge la sabuni kiganjani.

Akaandika: *Alipiga hodi mara mbili. Nilikuwemo. Nilizima taa.*

Wino ukashika.

Kisha nje, tone moja la maji likadondoka kizingitini. La pili.

Taa ikazimika, na hakuna aliyeigusa.

"Hodi."

Ya tatu.

Leodgar akakumbuka kwamba tangu arudi kanisani, mlango hakuufunga.