Cherehani ya Maua ya Dhahabu

Kila alasiri, Kibibi alipotoka shuleni, alinawa mikono na kuketi mkekani kumtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Shuleni alikuwa na jina lingine, lakini nyumbani walimwita Kibibi kwa jinsi alivyomganda bibi huyo kama kiraka. Wawili hao walishona mifarishi: juu viraka vya rangi, katikati pamba, chini kitambaa kizima. Tatizo lilikuwa vidole vya bibi. Vilianza kukakamaa, na siku za baridi hata kifungo kilimshinda. Nyumbani wakakubaliana: inunuliwe cherehani ya mkono isiyo na mbwembwe, ama mifarishi iachwe kabisa.

Chiriku alikuwa rafiki wa chanda na pete wa Kibibi, na baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza na kuuza cherehani kuukuu. Chiriku mwenyewe alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Kibibi na bibi yake walipofika dukani kwake, fundi alikuwa ametoka, na Chiriku ndiye aliyewapokea. Cherehani zilikuwa mbili. Moja nyeusi, imechubuka rangi kama sufuria ya ukoo. Nyingine ilichorwa maua ya dhahabu, utadhani inasubiri kupigwa picha. Bibi aliisogelea ile nyeusi.

"Chukueni ya maua," Chiriku alisema. "Nimeiona kwa macho yangu ikishona mfarishi, wala haikukohoa."

Bibi akafungua mkoba atoe kipande cha mfarishi aijaribu. Kibibi alimshika mkono, akamnong'oneza asimwaibishe rafiki yake kwa kumtilia shaka. Bibi akasita, akaufunga mkoba.

Nyumbani, kwenye kitambaa chepesi, ile cherehani iliimba vizuri. Walipotia mfarishi, kitambaa cha chini kiliteleza mbele, viraka vya juu vikabaki nyuma, mishono ikaruka, sindano ikakatika. Bibi akabadilisha sindano, akazungusha gurudumu polepole. Nayo ikakatika.

"Tumejiletea mgeni wa kupikiwa," bibi alisema, akacheka peke yake. Kisha akaficha vidole vyake ndani ya kanga.

Kibibi alitoka mbio hadi dukani, moyoni akijiambia kwamba Chiriku amekosea tu. Alimkuta ameinamia ile nyeusi, anashona mfuko. Akamwuliza ni lini hasa aliiona ya maua ikishona mfarishi.

"Sijawahi kuiona," Chiriku alikiri. "Sikutaka mchukue hii. Ndiyo ninayojifunzia."

"Si ungeniambia."

"Ningekuambia, ungemwambia bibi yako."

"Ndiyo, ningemwambia atafute duka lingine."

Kibibi alishadanganywa na watu wengine, akacheka akasahau. Lakini huyu, Kibibi alikuwa amemtetea mbele ya bibi yake mwenyewe, naye Chiriku akasimama pale akitazama tu.

Fundi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakugomba. Aliibeba ile nyeusi begani hadi kwa kina Kibibi, bintiye akimfuata nyuma, kichwa chini. Akawaonyesha kwamba mguu wa cherehani hiyo wa kukandamizia kitambaa huinuka juu, na meno ya chini huuma vitambaa vyote kwa pamoja. Bibi alitia mfarishi, akazungusha. Mshono ukanyooka. Fundi akaomba radhi na kuichukua ile ya maua, akisema hiyo ni ya mapazia.

Chiriku naye akaomba msamaha. Kibibi akajibu kwamba amesikia. Hakusema amesamehe.

Bibi aliwatazama wote wawili. "Mjukuu wangu, kukijaribu kitu si kumtukana mwenye kitu. Mkweli haogopi kujaribiwa. Na wewe, mwanangu, ungetuambia hii ni yako ya kujifunzia, tungekuelewa. Anayetaka kitu hukisema. Ulipotuzunguka uliponza vidole vyangu, ukampoteza na rafiki. Kitu gani kinafaa bei hiyo?"

Kisha akamwambia Chiriku aje kila alasiri ajifunzie pale pale, ila ataanza kwa kufumua mishono yote iliyoharibika, na asikate hata kiraka kimoja.

Chiriku akaketi, akaanza kufumua kwa kucha. Kazi haikwenda. Baada ya muda mrefu Kibibi alimsogezea mkasi mdogo, bila kumtazama.