Ti, Re, Fa ya Fundi Friji

Katika mambo ya mapenzi, hakuna wa kunificha kitu. Nikimtazama mtu usoni tu, najua moyo wake umelala wapi. Hawa wawili niliwatazama msimu mzima, nikaapa kwamba wana kesi mahakamani.

Walikutana dukani, saa ya watu kama siafu. Fundi friji alikuwa amelala chali nyuma ya friji la maziwa, kichwa hakionekani, miguu imezagaa njiani. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la rangi ya limau, vitabu vya muziki vimemjaa mikononi, akajikwaa kwenye ile miguu, vitabu vikaruka.

"Kaka, hii miguu inauzwa au imesahauliwa?"

Fundi akajivuta nje, vumbi hadi kwenye kope. Alipomwona mwenye swali, ulimi ukamganda kuliko friji lile lilivyowahi kugandisha maziwa. Akaokota vitabu huku akiuliza vya nini, akajibiwa kwamba mwenye navyo ni mwalimu wa kinanda, anafundisha sebuleni kwa mama yake. Basi mtu ambaye hajawahi kugusa kinanda hata kwa kukifuta vumbi akasema amemtafuta mwalimu kama huyo siku nyingi. Shida yake ni ndogo tu: kodi za kinanda za La maina, ule ufunguo wa muziki wenye majonzi. Maneno hayo aliyasoma palepale, kwenye jalada alilolishika.

"Zote saba?"

"Zote saba, Mwalimu. Nikizijua, sitakusumbua tena."

Neno hilo la mwisho alilisema kwa adabu, na ndilo lililomponza.

Moyoni aliweka nadhiri. Siku ambayo Mwalimu atatamka "umepatia," siku hiyohiyo atamwambia kwamba anampenda. Kabla ya hapo, la. Mtu atamchumbia vipi mwalimu wake naye bado mbumbumbu?

Jumamosi akaja na shati lililopigwa pasi hadi likaweza kusimama lenyewe. Kodi, akaelezwa, ni noti tatu zinazolia pamoja: bonyeza moja, ruka moja, bonyeza, ruka, bonyeza. La, Do, Mi. Ikatoka huzuni tamu. Kisha vidole vyote vitatu visogee ngazi moja: Ti, Re, Fa. Hiyo ikalia kama mtu aliyekalia pini.

"Mwalimu, hii imekufa kompresa."

"Ni nzima, Fundi. Ndivyo ilivyoumbwa, ina kinyongo chake."

Vidole vya spana ni vizito, lakini Fundi alichora vibonyezo kwenye mlango wa friji bovu, akawa anafanya mazoezi chai ikichemka. Haikuchukua muda zote saba zikamkaa, hadi So, Ti, Re ya mwisho. Lakini kila alipomaliza, Mwalimu alichezea hereni yake na kusema nyingine sawa, ila ile ya pili amekosea.

Wiki baada ya wiki, ni ya pili tu. Fundi atabishaje, na kodi yenyewe hata ikiwa sahihi inasikika mbovu? Akaamua kwamba anadharauliwa. Mwalimu alipompigia simu kumkumbusha somo, akajibu kwa ubaridi kwamba ana kazi nyingi. Akaambiwa kazi njema, simu ikakatwa.

Baadaye akapigiwa na mama yake Mwalimu. Friji la sebuleni limekufa, aje haraka. Fundi akaenda, akachungulia nyuma yake.

"Mama, hili limechomolewa tu kwenye umeme."

"Najua. Nimelichomoa mimi." Akashusha sauti, kwa kuwa binti alikuwa uani akianika nguo. "Tangu uache kuja, nafokewa hata nikikohoa. Simama hapo, unyamaze."

Bibi huyo ndiye aliyemfundisha bintiye kinanda tangu binti angali na mapengo ya utotoni. Akaketi, akazicheza kodi zote saba, safi kama maji ya chujio.

Dirishani ikaingia sauti iliyochangamka ghafla. "Fundi, kumbe umekuja? Nyingine sawa. Ile ya pili umekosea tena. Itabidi uje Jumamosi."

Mama akairudia taratibu. Ti, Re, Fa.

"Njoo unirekebishe basi, mwanangu. Fundi yuko hapa amesimama, mikono mfukoni."

Mwalimu akatokea mlangoni na shuka lililolowa. Akasema labda ni upepo, hakusikia vizuri.

"Na Jumamosi zote zile, upepo?"

Mwalimu akatazama sakafu. "Alisema akizijua hatanisumbua tena."

"Nilisema," akajibu Fundi. "Lakini nia yangu ni kukusumbua mpaka uzeeke, kama utakubali kuolewa na mimi."

Mwalimu akajifunika uso kwa shuka, akasema hilo ni jambo zito, yeye hajawahi hata kuliwaza.

"Hujawahi?" akauliza Mama. "Basi jana ni nani aliyeniuliza kama watoto hurithi masikio makubwa ya baba yao?"

Fundi akajishika masikio.