Mkono Mgongoni mwa Maélie

Maélie Bouffard, yule wa nyumba ya pili kutoka kanisani, alikuwa na miaka kumi na mitano alipoachwa. Hakuachwa na mchumba, ingawa kwa wacheza dansi ya kuteleza juu ya barafu tofauti ni ndogo. Aliachwa na Loïc, mwenza aliyecheza naye tangu wakiwa na miaka tisa. Loïc alihamia mjini Quebec baada ya Krismasi, kucheza na binti mwingine. Hata kuaga hakuaga. Mama yake Loïc ndiye aliyepiga simu, tena saa ya chakula.

Katika mchezo huu wasichana ni tele, wavulana ni wa kutafuta kwa tochi. Pale kwenye klabu ya Saint-Elzor wasichana walikuwa kumi na saba, na mvulana alikuwa Loïc peke yake. Binti asiye na mwenza hana aendako. Atazunguka peke yake mpaka viatu vimbane, kisha atamrithisha binti mdogo zaidi. Maélie alilijua hilo, ndiyo maana alilia siku tatu bila kujificha.

Kocha Ghislaine hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Umemaliza?" alimuuliza siku ya nne. "Haya, vaa viatu. Kuna klabu Montreal ina kijana anayetafuta binti. Watakuchukua, ila kwanza ufaulu mtihani wa walzi, ile dansi ya wawili, mwezi wa tatu. Ukishindwa, wana mwingine kwenye orodha."

"Nitacheza na nani, Kocha?"

"Peke yako, inaruhusiwa. Lakini mikono juu. Mwachie mwanamume nafasi yake, mwanangu. Ukijikunja, mtahini ataona binti aliyeachwa."

Ndivyo wanavyofundishwa wote. Mkono wa kushoto begani kwa mtu asiyekuwepo, wa kulia ndani ya kiganja kisichokuwepo, na mbele yako unaacha upana wa kifua. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya shule, Maélie alizunguka hivyo. Ndani ya ukumbi wa barafu walikuwa watatu tu: yeye, Kocha na kahawa yake, na mzee Rosaire, dereva wa mashine ya kusawazisha barafu, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kulalamika.

"Bwana'ko leo kaja?" Rosaire alikuwa akimtania.

"Gari lake limenasa kwenye theluji," Maélie alimjibu, na wote wawili walicheka.

Wiki ya tatu mzee hakutania. Alizima mashine, akamwita Maélie, akamwonyesha chini. Viatu vya barafu vina chuma chenye makali chini, nacho huacha mistari, na Rosaire alikuwa amefuta mistari hiyo miaka thelathini. Wa Maélie ulikuwa pale, mwembamba. Pembeni yake, hatua kwa hatua, ulikwenda mwingine, mpana, uliozama zaidi.

"Kocha amecheza na wewe?" alinong'ona.

"Kocha hajakanyaga barafu tangu Novemba."

Rosaire aliwasha mashine, akafuta yote miwili. Siku ile hakulalamikia kitu chochote.

Kesho yake ndipo Maélie alipohisi kiganja. Kilimjia kwenye kona ya pili, chini ya bega, mahali hasa anapopaswa kushika mwanamume. Baridi yake ilipenya sweta. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye hakupiga, na msimcheke: kilimwongoza vizuri. Loïc alikuwa akimvuta kama gunia la viazi. Huyu alijua. Alimgeuza kabla hajawaza kugeuka, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi Maélie hakujiona mtu aliyeachwa.

"Umepata mwendo," Kocha alisema, uso ameukunja. "Umeutoa wapi?"

"Mazoezi."

Aliona aibu kusema uongo, lakini furaha ilizidi aibu.

Akaanza kuwahi. Akaanza kumsemesha yule asiyeonekana, kwa sauti ya chini, habari za shule, za mama, za theluji. Hakujibiwa. Kiganja tu kilimpapasa kidogo, kama mtu anayesema nakusikia. Ikafika Ijumaa, kesho yake mtihani, na hapo ndipo alipofanya kosa. Alimuaga.

"Asante kwa yote," alinong'ona, kwa moyo mweupe kabisa. "Nikifaulu kesho naenda Montreal. Nimepata mwenza."

Kiganja kilitulia. Kisha vidole vikafunga.

Alijaribu kushusha mikono. Haikushuka. Alijaribu kusimama. Miguu iliendelea. Muziki ulikuwa umekwisha, Kocha yuko ofisini na simu. Akazunguka mara moja. Mara mbili. Mara tano.

"Niache," alisema. "Tafadhali."

Akasikia pumzi sikioni. Haikuwa na joto.

Mlango mkubwa ukafunguka, mzee Rosaire akaingiza mashine, na mikono ya Maélie ikaanguka yenyewe. Jioni ile mama yake alimkuta anavua nguo, akaona mgongoni alama tano za vidole, nyeusi.

"Nani amekushika hivi?"

"Nimeanguka, Mama."

Unaweza kuuliza kwa nini alikwenda mtihanini. Alikwenda kwa sababu Montreal ndiyo ilikuwa njia pekee ya kutoka kwenye barafu ile. Alijiambia ni dakika mbili tu, avumilie, kisha asirudi tena.

Mtahini alikuwa mama mmoja kutoka mji wa Rimouski mwenye kofia ya manyoya, amekaa peke yake juu kwenye viti na karatasi zake. Maélie alisimama katikati. Akanyanyua mikono. Mkono ukaja. Walzi ikaanza, naye akacheza kama hajawahi kucheza, mpaka kwenye kona. Hapo vidole vilimzuia. Kidogo tu, nusu ya pigo la muziki. Kona iliyofuata, tena. Alisukuma kwa nguvu zake zote. Alizuiwa kwa nguvu zizo hizo. Machozi yalimtoka akiwa anatabasamu, maana kutabasamu ni sehemu ya mtihani.

Mwisho aliinama. Mtahini naye akainamisha kichwa kumjibu. Kisha akakiinamisha tena, kuelekea pembeni ya Maélie, pasipo na mtu.

Kocha alileta karatasi akiisoma huku anatembea. Alisimama njiani. Maélie akamnyang'anya.

Binti: anachelewa kwenye kona, anavutana na mwenzake. Hajafaulu. Bwana: mkao mzuri, anaongoza kwa uhakika. Amefaulu. Warudie pamoja.

Juu, kwenye nafasi ya jina la bwana, palikuwa na jina kamili, limeandikwa polepole, kama anavyoandika mtu anayetajiwa herufi kwa herufi. Maélie hakulijua. Kabla hajalisoma mara ya pili, Kocha alikichana kipande kile cha juu, akakitia ndani ya glavu yake.

"Unamjua?" Maélie alinong'ona.

"Nenda kavue viatu."

"Kocha, ni nani?"

"Jumatatu uje mazoezini kama kawaida," Kocha alisema, bila kumtazama. "Usipokuja, atakufuata nyumbani."

Montreal walimchukua yule mwingine wa kwenye orodha. Maélie ana miaka kumi na tisa sasa, na mtihani ameurudia mara nne, kila mara kwa mtahini tofauti. Karatasi ziko jikoni kwa mama yake, kwenye droo ya vijiko, zote zimechanwa juu. Nimeziona kwa macho yangu. Binti ameanguka zote. Bwana amefaulu zote, na kila mara alama zake zinapanda.