Wimbo wa Bibi na Pumzi Zake

Asubuhi katika nyumba ya Mama Kibonge huanza kwa cherehani. Mama Kibonge ni mshonaji. Hushona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele. Mumewe ni fundi bomba. Hunywa chai amesimama, hubeba mkoba wa vifaa, kisha huyo, ameondoka. Kibonge, mtoto wao ambaye hajaanza kutembea, hubaki mapajani mwa bibi yake. Akianza kulia, Bibi huvuta pumzi na kuimba:

“Usingizi, ingia, mlango nimeuacha wazi…”

Wimbo haufiki mbali. Kibonge hufumba macho huku cherehani ikinguruma. Mtoto yule halali kwa sauti ya mtu mwingine. Baba yake akijaribu kuimba, Kibonge humtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa.

Kisha sauti ya Bibi ikaanza kukwaruza. Walidhani ni mafua, lakini mafua gani hayaishi? Mama Kibonge akampeleka mama yake hospitali. Daktari akaona uvimbe kooni. Alisema ukiondolewa mapema, Bibi atapona. Kuhusu sauti hakuahidi kitu. Huenda ingerudi, huenda isirudi kama zamani. Upasuaji ukapangwa wiki iliyofuata.

Njiani kurudi nyumbani, Bibi ndiye aliyefanya mzaha. “Koo hili limelea watu wakaidi,” alisema. “Lina haki ya kuchoka.”

Mama Kibonge hakucheka. Alikuwa amekwishakata shauri. Mwanawe angebaki na wimbo ule.

Siku hiyo hiyo alimrekodi Bibi kwa simu. Aliposikiliza, alisikia redio ya jirani, pikipiki na jogoo. Bibi alisikika kwa mbali, kama anaimbia ndani ya mtungi.

Jirani yao mmoja ni kinyozi. Jina lake la mtaani ni Kasuku, maana ukikaa kwenye kiti chake, utanyolewa huku unahutubiwa. Kasuku ana kompyuta ya kupakata yenye programu ya kutengenezea muziki. Hakufundishwa darasani. Alijifunza kwa video, na sasa hutengeneza matangazo ya maduka. Mama Kibonge akamwomba aje amrekodi Bibi.

Kasuku alikubali mara moja. Aliyekataa ni Bibi. Alisema yeye ule wimbo huimbia watoto, hawezi kuuimba mbele ya kinyozi.

“Basi nifundishe mimi,” Mama Kibonge akamwambia Kasuku.

Kasuku akamweleza kwamba yeye na wenzake hurushiana video za mafunzo kutoka simu hadi simu. Mmoja huipakua, wengine huipata bila kutumia bando. Lakini wana sharti. Ukipewa video, unarudi na kitu ulichokitengeneza kwa video ile, hata kama ni kibaya. Ndipo unapewa nyingine.

Mama Kibonge akamsihi. Upasuaji uko karibu, sharti hilo angelifuata saa ngapi? Alimsihi mpaka Kasuku akamrushia video zote. Alizitazama akishona, akapiga pasi nazo, akapika nazo. Mwalimu wa kwenye video aliongea, naye akaitikia kwa kichwa. Alijiona anajua.

Kasuku alipomletea kompyuta siku yake ya mapumziko, Mama Kibonge alikaa mbele ya mashine asijue aanzie wapi. Kitufe cha kurekodi hakukiona. Mistari kwenye kioo ilimtazama, naye akaitazama.

Mumewe akachungulia. “Umetazama watu wakiogelea siku zote hizi,” akasema. “Sasa umetupwa mtoni.”

“Baba Kibonge, mabomba yamekwisha huko nje?”

Kasuku hakumcheka. Alimuuliza alijifunzaje kushona. Je, kwa kumtazama fundi?

“Kutazama tu?” Mama Kibonge akashangaa. “Nilipewa vitambaa chakavu. Nikashona, nikafumua, nikashona tena.”

“Ndiyo hivyo hivyo, dada. Tazama kipande kifupi. Simamisha. Fanya kwa mkono wako. Ukikosea, irudishe nyuma, utazame tena. Mkono wako usipofanya, video imejifunza yenyewe.”

Akamwachia kompyuta, wakaanza upya, video moja baada ya nyingine, kwa sharti lile lile. Somo la kwanza lilikuwa kurekodi. Mama Kibonge alirekodi kijiko kikigonga kikombe. Akamrushia Kasuku, Kasuku akasema kinatisha, lete kingine. Somo la pili lilikuwa kila sauti na mstari wake. Ukiweka kila sauti peke yake, unaweza kupunguza moja bila kugusa nyingine. Hilo alilielewa upesi. Hata yeye hafungi nyuzi za rangi zote kwenye kijiti kimoja.

Somo la tatu lilihusu chumba. Mwalimu wa video alisema kuta tupu hurudisha mwangwi, na vitu laini huumeza. Mama Kibonge alisimamisha video, akatazama chumba chake. Majora ya vitambaa yalijaa mpaka darini. Mapazia ya wateja yalining'inia pande zote. Akapiga kofi moja. Sauti haikurudi.

“Mama,” akaita, “njoo uone studio.”

Bibi aliketi katikati ya mapazia. Kibonge alikuwa mapajani, cherehani imezimwa. Bibi akaimba wimbo wote. Safari hii alisikika karibu, kama anaimba sikioni.

Hapo ndipo mshonaji alipofanya kosa la mshonaji. Nguo ikiisha, hukatwa nyuzi zilizobaki. Kwenye kioo cha kompyuta, kati ya mistari ya wimbo, Mama Kibonge aliona vijisauti vidogo vilivyochomoza. Ilikuwa Bibi akivuta pumzi. Kwa jicho lake zile zilikuwa nyuzi. Akakata moja, akakata nyingine, mpaka wimbo ukawa safi kama upindo wa sare mpya. Akahifadhi juu ya ule wa kwanza.

Kibonge alipolia, akampigia wimbo. Mtoto akazidi kulia. Bibi akasikiliza, akakunja uso.

“Huyu hapumui,” akasema. “Ni nani huyu?”

Mama Kibonge akatafuta ule wimbo wa kwanza. Haukuwapo. Alikimbia kwa Kasuku na kompyuta kifuani, huku mteja akiwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Kasuku alitafuta kila mahali, kisha akatikisa kichwa.

“Kabla ya kukata, toa nakala,” akamwambia polepole. “Ile ya kwanza iweke kando, usiiguse kabisa. Kata nakala. Ukiharibu, unatoa nyingine. Na pumzi si uzi uliobaki nje ya nguo, dada. Mtu akivuta pumzi, msikilizaji anajua yuko hai na anajua wimbo unakuja.”

Mama Kibonge alirudi nyumbani akitembea kwa kasi. Hakulia. Upasuaji ulikuwa kesho yake. Akamwambia mama yake ukweli wote, kisha akamuuliza kama koo lingeweza mara moja zaidi.

Bibi akanywa maji ya vuguvugu. “Nitarudia mara moja tu,” akasema. “Usinitie mkasi tena.”

Sauti ilikuwa imekwaruza zaidi ya mwanzo. Mahali pamoja ilikatika, Bibi akacheka, akaendelea. Mama Kibonge alirekodi mpaka mwisho. Kabla ya kugusa chochote alitoa nakala. Moja akaiacha kwenye kompyuta, nyingine akaiweka kwenye simu ya mumewe. Kisha akafanya kazi. Alipunguza sauti palipozidi. Alikata kikohozi cha mwanzo tu. Pumzi zote akaziacha, na kicheko akakiacha. Halafu akairekodi cherehani yake ikienda taratibu, akaiweka kwenye mstari wake, chini kabisa, maana Kibonge amezoea kulala kwa wimbo ule pamoja na cherehani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bibi akarudi nyumbani na amri ya daktari: asiseme neno mpaka aruhusiwe. Kwa ishara za mikono aliendelea kuwaamuru wote kama kawaida.

Lakini sharti la Kasuku lilikuwa bado: hakuwa amempelekea alichokitengeneza. Mama Kibonge alikuwa na wimbo, na sasa alitaka kuongeza video yake kwa ajili ya wengine. Alitaka kuonyesha mambo mawili tu: mapazia ya kuzuia mwangwi, na nakala kabla ya kukata. Alikaa mbele ya kompyuta. Bibi alishika simu na kumpiga video mikono, kidole cha mshonaji kikiwa bado na kastabini, kile kikofia cha kukinga sindano. Mama Kibonge alieleza hatua kwa hatua, kama anavyomweleza mwanafunzi wa kushona.

Katikati ya somo Kibonge akaangua kilio. Mama Kibonge akaona bora aupige wimbo wenyewe, uwe mfano. Cherehani ikaanza chini. Kisha ikasikika pumzi ya Bibi.

Bibi mwenyewe, simu mkononi, akajisahau. Kifua chake kikainuka pamoja na ule wimbo, akavuta pumzi, akafungua mdomo bila sauti. Kibonge akanyamaza. Hakuitazama kompyuta. Alimtazama bibi yake. Picha ikatetemeka, ikaonyesha dari, ikarudi kwenye mikono. Kabla ya wimbo kuisha, mtoto alikuwa amelala.

Kasuku aliitazama video ile jioni dukani kwake. Alisema somo linaeleweka, angewarushia wenzake wote. Ila pale katikati simu ilipotetemeka paliharibu kidogo. Akamwonyesha mahali pa kukata.

“Nakala ninayo,” Mama Kibonge akasema. “Lakini hapo hapakatwi.”