Waceke na Mtu wa Zabibu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, supamaketi ile kubwa ya Ruiru ilikuwa imefurika mpaka mlangoni. Watu waligongana na vitoroli, watoto walililia biskuti, na spika ya darini haikuchoka kutangaza unga. Waceke aliingia kununua sabuni na maziwa tu. Alivaa sketi ya kijivu, sweta ya kijivu na raba nyeupe zilizosuguliwa vizuri. Alikuwa na miaka thelathini na minne, sura ya kupendeza ambayo haikumsumbua, na macho yaliyotazama vitu bila kuvishika.

Karibu na rafu za vinywaji palikuwa na meza yenye kitambaa cha zambarau. Nyuma yake alisimama mwanaume mrefu, mikono ya shati imekunjwa, vidole vina madoa meusi ya zabibu hadi kwenye kucha. Alikuwa akimimina mvinyo kwenye vikombe vidogo na kuwaonjesha wapita njia.

"Madam, onja kidogo. Zabibu zetu wenyewe, kutoka Ngoliba."

"Ngoliba kuna zabibu?"

"Kuna zabibu, kuna ziwa, na kuna mimi."

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake waliangua kicheko. Waceke hakucheka. Alichukua kikombe, akanywa, akakirudisha.

"Ikoje?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Ni tamu? Ni chungu? Ni mbaya?"

Waceke alijaribu kufikiri, maana swali lilikuwa la haki. "Kusema kweli, imepita tu."

Yule mwanaume akaiweka chupa chini. "Tangu asubuhi nimeambiwa ni tamu na watu wanaotaka kikombe cha pili. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Naitwa Muasya."

"Waceke. Hilo ziwa lako liko kweli, ama ni mdomo?"

"Njoo ulione."

Waceke hakuuliza kwa ajili ya mapenzi. Alifanya kazi katika kampuni ndogo mjini Thika iliyopeleka watu matembezini wikendi: vyama vya akina mama, walimu, vijana wa kanisa. Waceke ndiye aliyetafuta mahali, akapanga gari, chakula na mashua, akahesabu watu wakati wa kurudi. Wateja walimpenda kwa sababu hakusahau kitu. Walipopiga picha na kuimba, yeye alisimama kando akishika mikoba yao.

Raha yake mwenyewe ilikuwa imekatika pamoja na simu ya Githinji. Huyo ndiye bwana yake. Miaka sita iliyopita alikwenda nchi za Ghuba, Arabuni, kuendesha malori. Kwa miaka miwili alipiga simu kila Ijumaa, kisha namba ikazimika. Waceke alizunguka maofisi hadi makarani wakamjua kwa jina. Hakukuwa na barua wala maiti. Mwaka wa kwanza alilia, wa pili akaacha kulia, na vitu vingine vyote vikakoma pamoja na kilio. Aliishi Gitothua na Ngina, mama yake Githinji. Wazazi wake mwenyewe walikufa akiwa shuleni, na Ngina ndiye mtu pekee duniani aliyemwita mwanangu.

Jumapili iliyofuata aliwapeleka walimu ishirini Ngoliba. Ziwa lilikuwa bwawa la zamani la shamba la mkonge, lakini hakuna aliyeliita bwawa. Lilikuwa pana na tulivu, na korongo weupe walisimama kwenye matope yake. Mizabibu ilipanda mteremko wa udongo mwekundu kwa mistari, na juu kabisa palikuwa na jengo la mawe lenye mapipa na matangi. Dada mkubwa wa Muasya, Mbinya, alikaanga samaki chini ya kibanda cha makuti, leso mbili kiunoni, akiwagombeza wageni kwa upole.

"Hawa walimu wako hawali?" akamuuliza Waceke. "Na wewe umekonda kama ufagio. Kaa hapa."

Muasya aliwatembeza wageni, akawaonyesha jinsi zabibu zinavyokamuliwa, akawaacha wabishane juu ya mvinyo upi ni bora. Kisha akamwita Waceke kwenye mashua ya makasia.

"Mimi niko kazini."

"Kazi yako imelala pale kwenye nyasi. Angalia."

Kweli, walimu kadhaa walikuwa wamejilaza na viatu wamevua. Waceke akaingia mashuani. Muasya alipiga makasia polepole hadi kelele za ufukweni zikabaki mbali, akaacha mashua ielee.

"Kwa nini husemi, 'Wow, pazuri'?"

"Ni pazuri. Naona."

"Unaona, lakini?"

"Lakini nothing, Muasya. Naona."

Hakumsukuma. Alimweleza jinsi watu walivyomcheka alipong'oa mahindi ya babake na kupanda mizabibu, na jinsi mavuno ya kwanza yalivyoliwa na ndege hadi tunda la mwisho. Aliigiza ndege waliolewa wakiyumba, shingo imepinda. Waceke alihisi kitu kidogo kikisogea pembeni mwa mdomo wake, akashangaa.

Tangu siku hiyo simu ziliingia kila mchana saa saba, wakati wa chakula.

"Sasa, Bi Sijui."

"Poa. Umekula?"

"Mbinya amenilazimisha. Wewe umevaa nini leo?"

"Nguo."

"Wee! Nguo ya rangi gani?"

Waceke alilazimika kujiangalia. "Kijivu."

"Na jana?"

"Kijivu pia."

"Aki huyu mtu. Mwendwa, siku moja nitakununulia rangi."

Neno lile, mwendwa, Wakamba na Wakikuyu wote hulitumia kwa mpenzi. Muasya alilitaja kama mtu anayesema habari ya mchana. Waceke hakumkataza, wala hakumwambia kuhusu Githinji. Angeanzia wapi? Hakuwa mjane. Kama alikuwa mke, hakujua ni mke wa nani. Kila mara aliahirisha, na kufikia Agosti alikuwa amepeleka vikundi vitano Ngoliba, ingawa kulikuwa na mahali pa karibu zaidi.

Katika kikundi cha tano alikuwemo mama mmoja wa Gitothua aitwaye Maggie, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa. Wakati wa samaki, Muasya akiwa ameketi karibu na Waceke kuliko ilivyohitajika, Maggie aliwatazama, akafuta midomo na kusema, "Waceke, na bwanako je? Bado yuko Arabuni?"

Mkono wa Muasya ulisimama juu ya sahani.

"Bado," Waceke akajibu.

Muasya aliinuka akaenda kwenye mapipa. Waceke akamfuata. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya mvinyo mchanga.

"Una bwana?"

"Ndiyo."

"Yuko kazini nje, na mimi hapa nakuita mwendwa kwa simu." Sauti yake haikupanda. "Mke wangu alinifanyia hivyo hivyo, Waceke. Kila mtu Ngoliba alijua isipokuwa mimi. Sasa mimi ndiye niwe huyo mwanaume mwingine? Sema kitu basi."

Waceke alijua kwamba maneno yalihitajika pale. Miaka minne, namba iliyozimika, makarani. Aliyaona yote yamejipanga kichwani, lakini hakuweza kuyainua. "Sina la kusema," akajibu. Akatoka, akahesabu wateja wake, wakarudi Thika.

Saa saba ya kesho yake simu haikulia. Wiki tatu zikapita hivyo. Waceke alikwenda kazini, akarudi, akafua, akapika. Hakulia. Hata hakujua kwamba amekonda zaidi, hadi Jumamosi moja asubuhi Ngina alipomtazama akianika nguo na kusema, "Njoo ukae."

Ngina alikuwa mama mfupi wa miaka sabini, kitambaa kichwani, mikono haitulii. Siku hiyo alikuwa ameikalia.

"Maggie ameniambia kuhusu huyo mtu wa zabibu."

"Imeisha, Maitu," Waceke akasema, akimwita mama kwa Kikuyu. "Usijali."

"Sikuiti nikugombeze. Githinji yuko hai."

Waceke alibaki na kibanio cha nguo mkononi.

"Alinipigia mwaka jana, mwezi wa Krismasi. Ameoa huko. Wana mtoto. Aliniomba nisikwambie, kwamba atakwambia mwenyewe. Nikajua hatakwambia. Na mimi pia nikanyamaza. Niliogopa utaondoka. Nikiamka nikisikia unachota maji, ndio najua kuna mtu. Nimekufungia ndani ya nyumba yangu kama mbuzi, mwanangu. Kila siku nakuona ukizidi kukauka, na maji ninayo mimi."

Jogoo wa jirani aliwika. Waceke alingoja hasira ije. Haikuja.

"Mtoto ni msichana?"

"Ni msichana."

"Anaitwa nani?"

Ngina alifunika uso kwa kitambaa. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na jina hilo Waceke ndiye alikuwa ameliwekea akiba.

"Ngina," mama akasema.

Waceke aliinuka, akaanika nguo zilizobaki mpaka ya mwisho. Kisha akarudi na kusema, "Nipe namba."

Githinji aliitika alipopigiwa mara ya pili. Alipoisikia sauti yake alianza kujieleza kwa haraka: ajali, jela, aibu, mwanamke aliyemsaidia. Waceke alisikiliza hadi akaishiwa.

"Nimekuwa nikikuombea ukiwa mzima Jumatatu, na ukiwa marehemu Alhamisi," akamwambia. "Nitaenda kwa wakili. Ukiletewa karatasi, weka sahihi. Na mpigie mama yako, asikie mtoto akiongea. Hayo tu."

Alikata simu akaketi. Alipoitazama sketi yake, ilimchukiza. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilikuwa jambo.

Jumanne aliomba ruhusa kazini akaenda Ngoliba bila kikundi, bila orodha. Ilikuwa msimu wa kuvuna. Alimkuta Muasya katikati ya mistari, kofia ya majani kichwani, mkasi mkononi. Alipomwona hakusogea.

"Leo hujaleta watu."

"Nimejileta. Nisikilize hadi mwisho, kwa sababu nikikatizwa sitaweza kuanza tena."

Akamweleza yote, amesimama juani, kwa sauti ileile ya kusoma orodha ya wateja: Ijumaa za simu, makarani, Ngina, mtoto. Alipomaliza, Muasya alikuwa amevua kofia.

"Kwa nini hukuniambia siku ile? Mimi nimekaa wiki tatu nikikutukana moyoni."

"Sikuwa na mahali pa kuyatoa."

"Na mimi sikuuliza zaidi. Nilisikia neno moja tu, nikakimbia na lile." Akakaribia. "Pole, mwendwa. Pole sana."

"Usinifurahie bado, Muasya. Sina uhakika kama ninahisi kitu. Unaweza kungoja ukakuta ndani hamna mtu."

"Mzabibu nao ulinikalisha miaka mitatu bila tunda."

"Mimi si mzabibu."

Muasya akacheka kwa aibu. "Kweli. Hilo lilikuwa neno la mezani, la kuuzia chupa. Acha niseme vizuri: mimi nakupenda. Wewe uko huru kuchelewa."

Waceke akashika mkasi wa pili uliokuwa kwenye kreti, wakavuna mstari mzima.

Jumapili Muasya alikuja Gitothua. Waceke ndiye aliyetaka hivyo. "Huyo ndiye mama niliye naye," alimwambia, "hata baada ya alilofanya." Muasya alifika amevaa suti ya kahawia, kikapu cha zabibu mkononi, akamwamkua Ngina kwa Kikuyu kilichovunjika, na Ngina akamsahihisha kabla hajaketi. Waceke aliweka chai. Blauzi yake ilikuwa ya rangi ya machungwa, na Ngina aliitazama mara mbili.

"Wewe unajua mimi ni nani?" Ngina akamuuliza mgeni. "Mimi ndimi mama ya yule aliyemtupa. Na mimi ndimi niliyeficha."

"Najua, Maitu."

"Na bado umekuja kukaa kwangu."

"Yeye amesema nije."

Ngina akanywa chai, akashusha kikombe. "Mwanangu, huyu mtu unamtakaje?"

Muasya aliangalia viatu vyake. Waceke alitafuta neno kubwa, akaona hana, akachukua lile dogo lililokuwa karibu.

"Nataka akitoka hapa, arudi."

Alilisema, akashangaa kukuta uso wake umelowa, machozi yanaingia kwenye chai, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Ngina alimshika goti, akakiacha kiganja pale, kisha akamgeukia Muasya.

"Umesikia. Basi ukirudi, usirudi peke yako. Njoo na wazee wenu. Waambie huyu msichana ana kwao, na kwao ni hapa."