Mgeni wa Elmi

Elmi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kukaribisha watu. Alilelewa Mombasa, na Mombasa ukiagana na mtu humwachi aende hivi hivi, unamwambia karibu kwetu. Mtu wa Pwani akiambiwa hivyo anashukuru na kwenda zake, maana anajua hiyo ni adabu, si chakula. Lakini mkewe, Fardowsa, alilelewa Garissa, na Garissa ukimkaribisha mtu ujue mbuzi ameshafungwa kamba. Basi miaka yote ya ndoa yao hapo Castle Vale, Birmingham, ugomvi wao ulikuwa huo huo. Kisomali walikiweka cha kusalimia wakwe, Kiingereza cha benki na cha shule. Kiswahili kilikuwa cha kugombania, na hakikulala siku hata moja.

Alimkaribisha dereva wa basi. Alimkaribisha askari wa maegesho huku huyo anambandikia faini kwenye kioo cha gari. Alimkaribisha Yarrow, mzee wa Kiingereza wa nyumba ya pili, na Yarrow, maskini, hakujua kwamba hiyo ni adabu tu. Jumapili huyo akaja, amefunga tai, ana maua mkononi. Fardowsa alipika pilau huku akisonya.

"Iko siku utamkaribisha asiyekula wali," alimwambia mumewe wakiosha masufuria. "Siku hiyo usiniite."

Walikuwa na duka la mapazia. Elmi alinunua vitambaa, Fardowsa alishona. Vuli hiyo walikwenda China pamoja kutafuta mzigo, wakamwacha binti yao Samsam na shangazi yake kule mtaa wa Aston. Siku ya mwisho Fardowsa alitaka kulala tu, miguu imevimba. Kumbe Elmi, bila kumwuliza mtu, ameshakodi gari na mwongozaji, wao wawili peke yao, kutwa nzima: asubuhi Ukuta Mkuu, alasiri makaburi ya wafalme wa kale.

Mwongozaji alikuwa mwanamke aitwaye Meiling. Alisoma Kiswahili chuo kikuu huko huko Beijing, na mwalimu wake akampa jina la Subira. Alilihitaji jina hilo, kwa sababu kutwa alikaa katikati ya watu wawili wanaozozana. Juu ya Ukuta, Fardowsa alilalamikia magoti na upepo, na Elmi akamkaribisha Birmingham kila aliyepita, hata muuza kofia.

Makaburini palikuwa kimya. Kulikuwa na ukumbi wa nguzo za mbao ambazo mtu mmoja hawezi kuzikumbatia, na nyuma yake kilima chenye misonobari. Mfalme amelala chini ya kilima hicho. Meiling alishusha sauti.

"Alipokufa, wanawake wa nyumba yake walifanyiwa karamu. Walipomaliza kula walipandishwa juu ya vigoda, wakanyongwa kwa hariri, ili wamfuate."

"Walilishwa kwanza?" Fardowsa aliuliza.

"Kwanza walilishwa."

Hasira ilimpanda Fardowsa, hasira ya kweli, kwa watu waliokufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Mtu unampikia, unamkalisha, anashiba, halafu unamuua. Kwao hakuna dhambi inayoipita hiyo. Aliondoka pale bila kungoja maelezo yaliyobaki.

Njiani kutoka kuna lango la zamani, nguzo mbili za mawe na nafasi katikati. Meiling aliwasimamisha. Alisema wakubwa wao waliwafundisha hivi: mtu akitoka kwa wafu apite hapo, mwanamume atangulize mguu wa kushoto, mwanamke wa kulia, ajipanguse vumbi, na aseme kwa sauti kwamba amerudi.

"Na nisiposema?" Elmi aliuliza.

"Sema tu, Bwana Elmi."

Fardowsa alisema Bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akajipangusa. "Nimerudi." Elmi alicheka. Yeye hajaenda popote, atarudije? Akakigeukia kilima, akaweka mkono kifuani kama anavyofanya kwa wageni wote, akasema kwa sauti tamu, "Poleni sana, mama zangu. Karibuni kwetu Birmingham. Castle Vale, mlango uko wazi."

"Hapa hatumkaribishi mtu," Meiling alinong'ona.

Elmi hakumsikia. Alipita langoni kinyumenyume, simu juu, anapiga picha. Hakujipangusa, wala hakusema kitu. Ndani ya gari Meiling kila mara alikitazama kiti cha nyuma kabisa kwenye kioo. Kiti hicho kilikuwa kitupu.

Walifika Birmingham mvua inanyesha, wakamchukua Samsam, maisha yakaendelea. Fardowsa alifurahi mwanzoni, na hilo ndilo linalomchoma mpaka leo. Elmi alikuwa amenyamaza. Alikwenda dukani na kurudi bila kumkaribisha mtu yeyote. Fardowsa akadhani Mungu amejibu dua zake.

Halafu Samsam akaanza kuandaa sahani nne.

Samsam ni mtoto wa Birmingham, Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kiingereza. Alipoulizwa, alijibu kwa mkato kuwa ya nne ni ya mgeni wa baba, yule anayekaa sofani. Fardowsa alitazama sofa, hapakuwa na mtu. Akamgombeza mtoto kwa upuuzi, akapakua, wakala. Alipokwenda kuondoa vyombo aliiona ile sahani ya nne. Wali uliobaki kwenye sahani zao ulikuwa bado na mvuke. Ule ulikuwa umekauka, punje zimepasuka, kama wa mwaka jana. Aliumwaga kwenye pipa.

Kesho yake Yarrow alimwita kutoka upande wa pili wa uzio. Alitaka kujua kama yule bibi mgeni ameonana na daktari. Ni mwenye heshima sana, alisema, humwinamia kila asubuhi, lakini shingo yake haikai sawa. Imelalia bega.

Sasa, mtu mwingine angeogopa. Fardowsa aliwaka. Bibi mgeni, asubuhi, nyumbani kwake, na yeye yuko dukani anashona? Aliingia ndani, akamkuta Elmi sebuleni, skafu shingoni na hita imewashwa.

"Umeoa China?"

Elmi aliivuta skafu juu zaidi.

"Nimekuuliza kwa Kiswahili. Umeniletea mwanamke ndani ya nyumba yangu? Anakula sahani zangu?"

"Nilimkaribisha mimi," Elmi alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya kunong'ona, naye Elmi hajawahi kunong'ona maishani mwake. "Amekuja. Hataki kukaa peke yake kule."

Fardowsa alimvuta ile skafu ampige nayo. Mkono ukaishia hewani. Shingoni mwa mumewe, kutoka sikio hadi sikio, kulikuwa na alama nyekundu, upana wa utepe wa pazia. Fardowsa ameshona miaka mingi, anajua kitambaa kinavyoacha alama kwenye ngozi. Hiyo ilikuwa hariri.

Alisoma Ayatul Kursi, akairudia. Nyumba ilitulia jioni hiyo. Asubuhi Samsam akaandaa sahani nne. Fardowsa aliililia sahani hiyo kwa hasira, maana alielewa. Huyu hakuja kwa kuvunja mlango, aliitwa. Alitajiwa mpaka mtaa. Na Elmi alikuwa anakwisha. Siku hadi siku alikula kidogo zaidi, aliongea kidogo zaidi, alama ikakolea. Alikuwa anaondoka yeye, na mgeni ndiye anayebaki.

Akampigia simu Meiling, mchana, akiwa amejifungia stoo ya duka kati ya mabunda ya vitambaa.

"Alisema amerudi?" Meiling aliuliza.

"Hakusema."

"Basi hajarudi, dada. Mlirudi na nusu yake. Amtoe mwenyewe huyo mgeni, kisha apite mlangoni kwa mguu wa kushoto na aseme. Wewe huwezi kumsemea."

Fardowsa hakuhitaji maelezo zaidi. Mgeni hafukuzwi, husindikizwa, na anayesindikiza ni yule aliyemwita. Hilo Garissa na Mombasa wanakubaliana.

Alimvalisha Elmi koti, akamfunga viatu kama mtoto. Alimweleza taratibu, kisha kwa ukali, kisha akamshika mashavu akamwambia mara ya tatu: mguu wa kushoto, nimerudi. Elmi aliitikia kwa kichwa. Halafu Fardowsa akaligeukia sofa tupu.

"Dada," alisema, kwa hasira, si kwa woga. "Waliokulisha wakakuua, Mungu atawalipa. Mimi si wao. Lakini huyu ni wangu. Domo lake, wageni wake, vyote vyangu. Niachie."

Sofa ilibonyea kidogo, kisha ikainuka.

Elmi alitoka, mkono wa kulia ameuacha mbele kidogo, namna mtu anavyomshikia mzee asiyeweza mwendo. Ilikuwa adhuhuri, mbingu ya kijivu, watu wanarudi na mifuko ya dukani. Fardowsa alisimama dirishani. Aliwaona wakienda hadi kwenye nyasi, pale palipokuwa na uwanja wa ndege zamani, kabla hapajajengwa nyumba. Nasema aliwaona. Alimwona Elmi peke yake, lakini alivyotembea ni mwendo wa watu wawili. Wakapita nyuma ya miti.

Akangoja.

Akatokea mmoja.

Fardowsa alifungua mlango wote. Alisimama kando. Hakumtazama usoni. Alitazama miguu.

Viatu vya Elmi vilipanda njia ya saruji. Vikafika kizingitini. Vikasimama.

"Nimerudi," ilisema sauti ya Elmi. Nzima. Safi.

Mguu wa kulia ukaingia.

Tangu siku hiyo mwanamume aliyemo ndani ya nyumba ile hana kasoro. Anakula na kuosha sahani yake, duka linakwenda vizuri, alama ya shingoni imefutika. Wanawake wa mtaa wa Small Heath wanamwambia Fardowsa ana bahati, mume ametulia. Hawaoni anavyolaza kichwa begani akidhani hatazamwi. Hawaoni kwamba hajamkaribisha mtu yeyote, hata Yarrow. Samsam anaandaa sahani tatu tu siku hizi, na ameacha kumwita baba.

Wiki kadhaa baadaye Meiling alimtumia ujumbe wa sauti. Alikuwa na wageni pale langoni, alisema, Wafaransa, hawajui neno la Kiswahili. Akamwomba asikilize. Fardowsa aliweka simu sikioni. Upepo. Watalii wanacheka. Na nyuma yao, mbali kidogo, upande wa kilimani, sauti ya mtu mchangamfu anayemsalimia kila apitaye.

"Karibuni. Karibuni kwetu. Castle Vale, mlango uko wazi."

Fardowsa alilia siku hiyo. Alilia akitukana. Alimpigia Meiling, akamwomba ashike simu mbele ya lango, akapaza sauti dukani mpaka wateja wakatoka. "Elmi, mjinga wewe, acha kukaribisha watu. Tanguliza mguu wa kushoto. Sema umerudi. Njoo nyumbani."

Kule langoni ile sauti ilinyamaza. Meiling anasema haijasikika tena.

Asubuhi iliyofuata, nje ya mlango, juu ya zulia la kufutia miguu, kulikuwa na vumbi la manjano. Lilikuwa na umbo la unyayo wa mwanamume, wa kushoto, vidole vimeelekea ndani. Fardowsa alifungua mlango akauacha wazi. Yule wa ndani akaufunga, kwa upole, bila neno. Fardowsa akaufungua tena. Yule akaufunga tena. Mwisho Fardowsa alimwita Yarrow na bisibisi yake, na mzee yule, Mungu ambariki, aling'oa mlango bila kuuliza. Baridi ya Birmingham ikaingia mpaka jikoni. Samsam alikunywa chai amevaa koti.

Kila asubuhi unyayo ulikuwepo, mmoja tu. Haukuvuka kizingiti. Fardowsa alikaa mbele yake na kikombe cha chai, akiumiza kichwa: mlango haupo, anangoja nini? Ndipo alipokumbuka mume wake ni mtu wa Mombasa. Kwa Elmi, hata mlango ukiwa wazi, mtu mwenye adabu haingii ndani mpaka asikie neno.

Akainama. Akalisema neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote bila kupika kwanza.

"Karibu, Elmi. Karibu kwetu."

Sebuleni, nyuma yake, kiti kililia. Sauti ya mumewe ikajibu, taratibu, kwa shukrani.

"Ahsante, dada. Nimeshakaribia."

Asubuhi iliyofuata unyayo ulikuwa palepale juu ya zulia, wa kushoto, wa manjano. Vidole vilikuwa vimeelekea barabarani, vya mtu aliyeshukuru na kwenda zake.