Bi Mkubwa Hatemi Maji

Kila asubuhi Nahodha alianza kwa kumsalimia Bi Mkubwa. Alifungua kifuniko cha mbao, akamfuta vumbi kwa kitambaa laini, akampigapiga mgongoni. Bi Mkubwa hakuwa mtu. Alikuwa injini ya dizeli, nzito, ya kijani, iliyokaa katikati ya boti yao ya kuvushia abiria.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" mkewe aliuliza, huku akipanga jaketi za kujiokolea chini ya viti. "Maana mimi sijaulizwa."

"Ameamka salama. Yeye hanuni."

"Angejua na kupika, ningehama nyumba."

Walitaniana hivyo kila siku, lakini wote wawili walijua wanachokula kinatoka wapi. Ng'ambo ya ziwa ndiko kulikokuwa na soko na hospitali, na barabara ya kuzunguka ilikuwa ndefu na mbovu. Injini ile ikifa, hawakuwa na nyingine. Hata hivyo Nahodha hakuwa na wasiwasi. Oili ikipungua aliongeza. Dizeli ikiisha alijaza. Basi. "Hii haijui kuugua," alijisifu kwa kila aliyetaka kusikia.

Kulikuwa na kero moja tu. Injini ile ilipozwa kwa maji ya ziwa. Pampu iliyavuta, yakazunguka ndani, kisha yakatoka nje kwa tundu dogo ubavuni mwa boti. Sasa tundu lile lilikuwa karibu na mahali pa kupandia, na liliwarushia abiria maji. Siku moja lilimlowesha fundi cherehani aliyebeba gauni la bibi harusi. Maneno aliyoyasema fundi cherehani tuyaache hapo hapo gatini. Nahodha aliona haya sana. Jioni alichukua mpira wa maji, akauunganisha na tundu, akauelekeza chini mpaka ncha yake ikazama ziwani. Tangu hapo hakuna aliyelowa. Abiria walimsifu, naye akatembea kifua mbele.

Ikafika siku ya mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu aliwatambua kwa sauti. Alikuwa amengoja muda mrefu, na hatimaye hospitali ikampa nafasi ya upasuaji asubuhi hiyo. Nahodha hakuchukua abiria wengine. Alimshika mkono, akamkalisha karibu na usukani.

"Mama, leo utafika kabla daktari hajanywa chai," alisema.

Walipofika katikati ya ziwa, mke alinusa hewani. "Kuna kitu kinaungua. Nasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo."

"Moshi wa nchi kavu huo. Upepo unauleta."

Lakini sauti ya Bi Mkubwa ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nzito, inavutavuta. Kisha mvuke ukatoka kwenye kifuniko cha mbao. Nahodha alitazama ufuko, akatazama injini.

"Tukaze tu, tunakaribia. Mama atakosa nafasi yake."

"Mume wangu, zima."

"Nikizima ikakataa kuwaka je?"

Mama mkwe akageuza uso kuelekea sauti yake. "Nafasi nitaomba nyingine. Injini utaiomba kwa nani? Zima, mwanangu."

Nahodha akazima. Ziwa likawa kimya. Akachota ndoo ya maji ili ammwagie Bi Mkubwa apoe. Mkewe alikuwa tayari anampigia simu mdogo wake, fundi wa injini za boti huko ng'ambo.

"Mwambie shemeji aweke ndoo chini," sauti ikasema kwenye simu. "Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinapasuka. Na asifungue kifuniko chochote, mvuke utamchoma uso. Pigeni makasia."

"Amejuaje nina ndoo?"

"Nakujua, shemeji."

Wakapiga makasia. Mama mkwe naye alidai lake. "Sioni," alisema, "lakini mikono yangu haina mtoto wa jicho." Alipiga kwa nguvu hata boti ikaenda upande, wakacheka katikati ya hofu yao.

Shemeji aliwapokea akiwa na ovaroli na sanduku la spana. Kwanza alimwita dereva wa teksi, akawapakia mama yake na dada yake kwenda hospitali. Kisha akakaa chini. Hakugusa kitu mpaka injini ilipopoa.

"Shemeji, maji ya kupozea yanatokea wapi?"

"Kwenye mpira ule, chini."

"Na yakiacha kutoka, utajuaje?"

Nahodha aliinama, akautazama mpira uliozama ziwani.

Shemeji alifungua chujio la maji. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa plastiki uliojikunja pamoja na majani. Akafungua pampu, akatoa kigurudumu cha mpira chenye mapezi madogo. Baadhi ya mapezi yalikuwa yamekatika.

"Hiki ndicho kinachosukuma maji. Kinabadilishwa kabla hakijachoka. Na hivi vipande vilivyokatika tuvitafute vyote, visije vikaziba njia."

"Lakini hajawahi kunisumbua."

"Ni injini imara, imekuvumilia. Umeifuta nje mpaka inang'aa. Ndani hujawahi kuchungulia." Akachomoa kijiti cha kupimia oili. "Nyeusi tii. Kuongeza si kubadilisha, shemeji. Mchuzi uliochacha ukiongeza maji bado umechacha."

Kisha akaitazama oili ile tena, juani, kwa makini.

"Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yangekuwa yameingia ndani, na hapo tungelia. Hayajaingia. Mmezima kwa wakati."

Nahodha akaketi juu ya sanduku la spana na kufuta macho kwa kitambaa kile kile cha Bi Mkubwa.

"Ahsante, shemeji. Ahsante sana."

"Washukuru waliokwambia uzime."

Jioni mke alipiga simu. Mama alikuwa amewahi, na upasuaji ulikwenda vizuri.

Siku zilizofuata, Shemeji na Nahodha waliung'oa ule mpira wa maji. Walihamishia tundu nyuma ya boti, karibu na usukani, mbali na nguo za watu. Walibadilisha oili, filta zake na kile kigurudumu. Sasa kila asubuhi Nahodha husafisha chujio na kukagua oili ndipo afute vumbi. Oili hubadilishwa wakati wake ukifika, hata injini isipolalamika. Na mkewe hafungui kamba kabla ya kuuliza.

"Maji yanatoka?"

"Yanatoka."

"Yakikatika?"

"Nazima kwanza."

Mama mkwe aliporudi, bandeji zilikuwa zimetolewa. Alikaa pale pale karibu na usukani. Nahodha akawasha. Mke akashika kamba, lakini kabla hajauliza, mama aliinama nyuma ya boti, akatazama.

"Maji yanatoka," akasema.

Nahodha alimgeukia. "Unayaona, mama?"

"Nayaona. Na wewe nakuona, mwanangu. Umeota mvi, na hakuna aliyeniambia."

Mke akacheka huku machozi yanamtoka, akafungua kamba.